Deni la Kicheko

Mtu akikopa fedha, deni lake huandikwa. Akikopa jembe, mwenye jembe hulikumbuka na mvua za kwanza zikinyesha hulidai. Lakini mtu akikopa kicheko, yaani akitwaa kisa cha kuchekesha kilichobuniwa na watu wa lugha nyingine akakisimulia upya kwa watu wake, amekopa kitu gani, kwa nani, na atalipaje? Swali hili lina umri mmoja na tafsiri yenyewe. Hata hivyo, ni mara chache limeulizwa kwa fedha nyingi na kwa ukali mwingi kama lilivyoulizwa katika miaka kumi hivi iliyofuata kuingia kwa sauti katika sinema, na Ufaransa ndiyo iliyokuwa baraza kuu la shauri hilo.

Kabla ya mwaka 1927 shauri halikuwa na uzito, kwa kuwa picha zilikuwa bubu. Maneno machache yaliyoandikwa kati ya onyesho na onyesho yaliweza kukatwa na kubandikwa ya lugha nyingine, na mtu aliyepigwa na mlango usoni alipigwa kwa lugha zote. Mwaka huo The Jazz Singer ilionyeshwa New York, mchezaji akaimba na kusema, watazamaji wakashangilia. Na katika shangwe hiyo wafanyaji biashara wa sinema wakapoteza sehemu kubwa ya dunia bila ya kujua. Picha iliyosema Kiingereza ilikuwa mali ya wasikiao Kiingereza. Kazi ya kutia sauti ya mtu mwingine juu ya midomo ya mchezaji ilikuwa bado changa na yenye kuchukiza, na maandishi chini ya picha hayakumfaa asiyejua kusoma.

Dawa iliyobuniwa ilikuwa ya kitajiri: kisa kimoja kitengenezwe mara nyingi, kila mara kwa lugha nyingine. Kampuni ya Paramount ya Marekani iliweka studio huko Joinville, karibu na Paris, na tangu mwaka 1930 kazi ilifanyika humo usiku na mchana. Wachezaji wa Kifaransa walipotoka katika chumba, wa Kijerumani waliingia; wakitoka hao, Waswidi au Wahispania walikalia viti vile vile na kugombana juu ya meza ile ile. Watu hawakukosa kuifananisha na Babeli. Nako Ujerumani kampuni ya Ufa ilifanya vivyo hivyo: Die Drei von der Tankstelle ya mwaka 1930 ilikuwa na ndugu yake wa Kifaransa, Le Chemin du paradis, na Lilian Harvey alipendwa katika zote mbili, kwa Kijerumani na Willy Fritsch, kwa Kifaransa na Henri Garat. Mwanamke alikuwa mmoja, tabasamu moja, wapenzi wawili, na hakuna aliyemwona kuwa mwenye hiana.

Hollywood ilikwenda mbali zaidi kwa kuwalazimisha wachekeshaji wake wenyewe waseme lugha wasizozijua. Laurel na Hardy walicheza picha zao upya kwa Kifaransa, Kihispania na lugha nyingine, wakisoma ubaoni maneno yaliyoandikwa kwa namna yanavyotamkwa, wasielewe walisemalo. Buster Keaton, aliyekuwa mfalme wa picha bubu, alitiwa katika kazi hiyo hiyo. Matokeo yanastahili kuangaliwa kwa makini. Wafaransa waliwacheka Laurel na Hardy mara mbili, kwa vitendo vyao na kwa matamshi yao mabovu. Na baadaye, kazi ya kutia sauti ilipokamilika na Wafaransa halisi wakapewa kusema badala yao, Wafaransa hao walitakiwa kuyaiga matamshi mabovu ya Kiingereza, kwa kuwa watazamaji walikwisha kuyaona kuwa sehemu ya mchezo. Kosa la mkopaji likawa mali mpya, ambayo mkopeshaji hakuwa nayo. Anayedhani kwamba kazi ikivuka lugha hupungua tu, naajibu hoja hiyo kwanza.

Lakini iko hoja ya upande wa pili, nayo inaitwa Marius. Marcel Pagnol aliandika mchezo huu kwa jukwaa, ukachezwa Paris mwaka 1929, na mwaka 1931 ulifanywa picha Joinville chini ya uongozi wa Alexander Korda, Mhungaria. Kisa chake ni chepesi: kijana wa Marseille anatamani bahari kuliko msichana ampendaye, na baba yake, César, mwenye kilabu cha vinywaji bandarini, anampenda mwanawe bila ya kujua namna ya kumwambia. Raimu alimcheza César. Katika onyesho moja watu wanacheza karata, na César, akitaka kumjulisha mwenzake siri kinyume cha sheria ya mchezo, anamlalamikia kwa sauti ya huzuni kwamba anampasua moyo. Mwenzake ni mzito wa akili, na César hana budi kuirudia huzuni yake mpaka kila aliye mezani ameelewa isipokuwa yule anayekusudiwa. Kichekesho chote kimesimama juu ya jambo moja, kwamba katika karata za Kifaransa moyo ni jina la kundi la karata. Mswahili ataona mara moja kuwa kwake mlango huu umefungwa: karata hizo kwetu ni kopa, neno tulilolipata kwa Wareno, na mtu akilalamika kuhusu moyo wake hakuna atakayetazama mkononi mwake.

Wajerumani na Waswidi hawakuwa na kikwazo hicho, maana karata zao nazo zina moyo. Matoleo yao yalitengenezwa Joinville wakati ule ule, Zum goldenen Anker kwa Kijerumani na Längtan till havet kwa Kiswidi. Kisa kilikuwamo chote. Walakini picha ya Kifaransa ndiyo iliyoishi vinywani mwa watu, na zile mbili zimebaki kwa watafiti. Kilichokosekana hakikuwa neno. Ilikuwa ni lafudhi ya kusini, namna ya Raimu ya kupanda hasira kama mtu apandaye ngazi kisha akasahau juu alikuwa anafuata nini. Marekani nayo ilijaribu mwaka 1938 kwa Port of Seven Seas, ambamo Wallace Beery alichukua nafasi ya Raimu, na mwaka 1961 kwa Fanny ya Joshua Logan, iliyotokana na mchezo wa nyimbo wa New York na ambayo, kwa uamuzi wa ajabu kidogo, iliziondoa nyimbo ikabakiza muziki wake. Katika zote bandari inaitwa Marseille. Msikilizaji hana budi kuamini jina hilo kwa kuwa limetajwa.

René Clair aliichukia hatari hii tangu mwanzo. Alipokuwa wengine wakiishangilia sauti, yeye aliiogopa, akiona kwamba maneno yataifunga sinema katika mipaka ya mataifa. Akatafuta njia ya tatu: kufanya picha yenye sauti isiyohitaji kufanywa upya. Katika Sous les toits de Paris, ya mwaka 1930, watu hugombana nyuma ya kioo na mtazamaji hasikii neno. Ugomvi wa visu hufanyika gizani kando ya reli, na kishindo cha gari la moshi kinasema badala ya wagomvi. Paris iliipokea kwa ubaridi, na Berlin ikaishangilia, jambo ambalo lilimthibitishia hoja yake vizuri kuliko sifa yoyote. Mwaka 1931 alitoa Le Million. Mchoraji mwenye madeni ameshinda bahati nasibu, tikiti imo mfukoni mwa koti, na koti limetoka kwa msichana likaenda kwa mwizi, na kutoka kwa mwizi likafika kwa mwimbaji mnene wa opera anayelivaa jukwaani. Watu wanaponyang'anyana koti hilo nyuma ya jukwaa, Clair anatia vifijo na filimbi za mchezo wa ragbi. Na pale mchoraji na mpenzi wake walionuniana wanapojificha nyuma ya miti ya mbao, waimbaji wawili wanaochukiana wanaimba mapenzi mbele ya watu, na vijana hao wanapatana kimya kimya kwa maneno yasiyotoka vinywani mwao. Huo nao ni mkopo, tena mtamu: mapenzi ya uongo yamekopesha maneno yake kwa mapenzi ya kweli.

Clair huyo huyo ndiye aliyeletewa shauri la deni mlangoni. Picha yake À nous la liberté, ya mwaka 1931 pia, inaonyesha wafungwa wakifanya kazi mstarini, kisha wafanyakazi wa kiwanda cha gramafoni wakifanya kazi mstarini vile vile, na mtu mmoja akikosa kipande chake kazi yote inavurugika. Mwaka 1936 Charles Chaplin alitoa Modern Times, ambamo mfanyakazi anapoteza akili yake mbele ya mkanda wa kiwanda. Tobis, kampuni ya Kijerumani iliyogharimia picha ya Clair, ilimshitaki Chaplin kwa wizi. Chaplin alikana kuwa ameiona picha hiyo. Clair, ambaye ushahidi wake ungaliitia kampuni nguvu, alikataa kuwa upande wake. Alisema kwamba yeye mwenyewe amejifunza mengi kwa Chaplin, na kama Chaplin amechukua kitu kwake, hiyo ni heshima. Shauri lilikokotwa hadi baada ya vita na likamalizwa kwa mapatano mwaka 1947.

Ingefaa kupumzika juu ya jibu la Clair, maana ni rahisi kuliona kuwa adabu tu. Alijua kuwa mikono yake haikuwa mitupu. Le Million ilitokana na mchezo wa jukwaani wa Georges Berr na Marcel Guillemaud, na mwendo wa wachezaji wake ulitokana na picha bubu za Marekani. Mtu wa namna hiyo akidai kila alichotoa, naye hana budi kujiandaa kudaiwa kila alichopokea. Kampuni haikuwa na tatizo hilo, kwa sababu kampuni haikumbuki ilijifunzia wapi kucheka.

Mfano wa Boudu unalikoroga jambo zaidi. René Fauchois aliandika mchezo juu ya maskini wa barabarani aliyeokolewa mtoni na muuza vitabu, akaishi nyumbani mwake na kuivuruga nyumba nzima. Katika mchezo huo mwisho wake ni kufugika na kuoa. Jean Renoir alipoufanya picha mwaka 1932, Boudu sauvé des eaux, alimpa Michel Simon nafasi hiyo na akageuza mwisho: siku ya arusi mashua inapinduka, bwana arusi anachukuliwa na maji, anatoka ukingoni, anavaa nguo za sanamu ya kutishia ndege na kwenda zake akiwa huru. Fauchois alikasirika. Mwaka 1986 Paul Mazursky aliihamishia habari hiyo California kwa jina la Down and Out in Beverly Hills. Mto ukawa bwawa la kuogelea na muuza vitabu akawa tajiri wa viango vya nguo. Maskini wa Mazursky anaondoka, anaonja maisha ya jalalani, kisha anageuka na kurudi nyumbani. Basi mtoto wa Renoir alimrudia babu yake kwa kumkimbia baba. Ni nani hapo aliyesaliti asili? Renoir alimvunja Fauchois kuliko Mazursky alivyomvunja yeyote, na hata hivyo picha yake ndiyo iliyo kubwa.

Kwa hiyo kubadilisha hakuwezi kuwa ndilo kosa. Wasomaji wa Kiswahili walilijua hili pale Julius Nyerere alipotoa tafsiri yake ya Shakespeare mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Neno bepari lilibeba siasa za wakati wake, na Mwingereza wa karne ya 16 hakulitia yeye. Lakini asiyeridhika aliweza kwenda rafuni akakitwaa kitabu cha Kiingereza, akavilinganisha. Mtafsiri alikuwa ameongeza mti bila ya kukata mwingine.

Wako waliokata. Picha mbili zifuatazo si za kuchekesha, ila zilipatikana na yale ambayo yangaliweza kuipata picha yoyote ya Kifaransa ya siku zile. Walter Wanger alinunua haki za Pépé le Moko, ya mwaka 1937, akatengeneza Algiers mwaka 1938 kwa kuifuata karibu hatua kwa hatua, na wakati huo huo akajitahidi kuzinunua nakala za picha ya Kifaransa ili isimharibie soko. Wamarekani hawakuiona mpaka mwaka 1941. Kampuni ya RKO ilipofanya The Long Night mwaka 1947 kutokana na Le Jour se lève ya Marcel Carné, ya mwaka 1939, ilizitafuta nakala za picha ya Carné ili ziteketezwe, na kwa muda ilidhaniwa kwamba zimekwisha.

Hapa sheria na dhamiri zinaachana njia. Wanger alilipa, karatasi zake zilikuwa safi. Chaplin alishitakiwa. Lakini mtu aliyetazama Modern Times alibaki na uwezo wa kuitazama À nous la liberté, akacheka mara mbili na kuamua mwenyewe ni nani aliyemzidi mwenzake. Mtazamaji wa Algiers alinyimwa uwezo huo, wala hakuambiwa kuwa amenyimwa. Dawa ya deni ni kulipa, husema watu, na Wanger angaliweza kuuleta msemo huo mbele ya hakimu yeyote. Lakini aliyekunywa kisimani akalipa, kisha akakifukia ili jirani anunue maji kwake, amemlipa mwenye kisima peke yake. Wenye kiu walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa hawajazaliwa. Wala wachezaji, ambao sura zao zilikuwa katika nakala zile, hawakuulizwa lolote. Jean Gabin alikuwamo katika picha zote mbili, na haki ya kuonekana kwake iliuzwa mbali naye.

Mwaka 1952 jarida la Sight and Sound la Uingereza liliwauliza wahakiki wa nchi mbalimbali wazitaje picha bora za nyakati zote. Katika orodha ya kwanza kabisa ya jarida hilo Le Million ilikuwamo, ikiwa na miaka 21, pamoja na Le Jour se lève, ambayo miaka 5 tu iliyotangulia ilikuwa ikitafutwa ili ichomwe moto. The Long Night haimo.