Simu ya Kukunja: Jueni Kilicho Chenu na Kilicho cha Kuazima

Wanangu, naona mmeanza kuzipenda tena simu za kukunja. Vijana wa boda boda pale sokoni Konyo Konyo wanazo, na sababu zao nazielewa: simu ya kupangusa hunyakuliwa mchana kweupe, chaji yake haifiki jioni, na umeme si kitu cha kukitegemea katika kila mtaa wa Juba. Kitochi cha kukunja kinakaa na chaji siku kadhaa, na mwizi hana haja nacho. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na muuzaji anayewaambia, "Hii ina WhatsApp, ina Facebook, ina kila kitu," nanyi mkatoa pesa bila hata kuiwasha.

Sikilizeni basi. Ndani ya simu ya namna hiyo mna vitu vya aina mbili. Kuna vilivyo vyenu: kupiga na kupokea, kutuma ujumbe, kuhifadhi namba, kubonyeza nyota na reli ili kuona salio. Hivyo vitafanya kazi maadamu mnara upo na betri ni nzima. Halafu kuna vya kuazima: programu ambazo kazi yake hasa hufanyika kwenye kompyuta za kampuni iliyo mbali. Kampuni ikiamua kuacha kuzihudumia, alama zake zitabaki kwenye kioo, lakini ukizibonyeza hazikupeleki popote. Nguo ya kuazima, walisema wahenga, haisitiri matako.

Siwatishi. WhatsApp iliacha kuhudumia simu za Nokia za mfumo wa S40 mwisho wa mwaka 2018. Wenye simu hizo wakaambiwa kuna mfumo mwingine, KaiOS, na simu kama Nokia 2720 Flip ya mwaka 2019, ya kukunja kabisa, ikaja na WhatsApp. Watu wakadhani wamepata pa kudumu. Mapema mwaka 2025 huduma hiyo nayo ikakatwa. Simu zenyewe hazikuwa na ubovu wowote. Vitufe vilibaki vizima na spika ikalia vilevile. Kwa hiyo ukiongezewa bei kwa ajili ya ile alama ya kijani, mwambie muuzaji atie laini yako na atume ujumbe hapo hapo, nawe unatazama. Akianza kukupa maneno, irudishe mezani.

Zile za zamani zaidi, za enzi za Motorola V3 iliyotoka 2004, hutumia programu za Java, yaani mafaili yenye mkia wa .jar. V3 haikuwa na nafasi ya kadi, na kumbukumbu yake haikufika MB 10. Michezo kadhaa na picha za harusi zinaijaza. Futa usichokitumia kabla ya kuongeza kingine. Na ukimaliza kutumia programu, toka kwa kuchagua neno la kutoka lililo kwenye menyu yake. Kuikunja simu kunazima kioo, lakini si lazima kuizime programu. Inaweza kuendelea kula chaji na bando mfukoni, wewe ukabaki kumlaumu aliyekuuzia betri.

Kuna jambo dogo linalowapeleka wengi kwa fundi bure. Betri ikitolewa, au simu ikilala muda mrefu bila chaji, tarehe yake inaweza kurudi nyuma miaka mingi. Kurasa zenye ulinzi huja na vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Simu inayodhani huu ni mwaka 2009 huvikataa, kisha hukwambia tu kwamba imeshindwa kuunganisha. Kijana anakimbilia kuiflashi, na namba zote zinapotea. Angalia tarehe kwanza. Ukiirekebisha na bado inakataa, huenda vyeti vilivyomo ndani ya simu vyenyewe vimekwisha muda, na hapo mafundi wa masoko ya Kastam na Jebel watakula pesa yako tu.

Mtu akikurushia kwa Bluetooth faili la "intaneti ya bure", likatae. Mwaka 2006 kampuni ya Kaspersky ilifichua programu ya Java iliyoitwa RedBrowser. Ilidai kufungua kurasa bila malipo kwa njia ya ujumbe mfupi; kumbe ilikuwa inatuma ujumbe kwa namba za kulipia huko Urusi, na salio la mtu likateketea. Simu ya Java kwa kawaida huuliza kabla programu ngeni haijatuma ujumbe. Swali hilo ndilo kinga yenu, nanyi mnabonyeza Ndiyo bila kusoma. Opera Mini ni ya kweli, na hubana kurasa ili bando lidumu, lakini hufanya hivyo kwa kuzipitisha kwanza kwenye kompyuta zake. Someni habari humo. Nywila za pesa msiziandike.

Huduma za pesa zenyewe hazihitaji makubwa hayo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 kwenye simu za kawaida, kupitia menyu ya laini, na m-GURUSH ilipoanza hapa mwaka 2019 haikungoja kila mtu awe na simu ya kupangusa. Kwa hiyo aliyeshika laini yako ameshika pesa zako. Unapoiacha simu kwenye kibanda cha kuchajia, toa laini uondoke nayo. Tena iwekee PIN laini yenyewe, si simu tu. Ikikosewa mara tatu inajifunga mpaka iingizwe namba ya kuifungulia, yaani PUK. Kile kipande cha plastiki laini ilikotoka kina PUK hiyo. Kiwekeni nyumbani, msikitupe.

Waliokuwa Juba Desemba 2013 na Julai 2016 watawaambia: risasi zilipolia, mtu hakutafuta video, alitafuta namba ya ndugu yake. Na Januari 2025, serikali yetu ilipozifunga Facebook na TikTok kwa siku kadhaa baada ya mauaji ya Wad Madani huko Sudan na ghasia zilizofuata hapa, aliyekuwa amewaweka jamaa zake wote ndani ya Facebook hakuwa na pa kuwapata.

Haya, wanangu. Leo, kabla chaji haijaisha, nakilini namba kutoka kwenye simu ziingie kwenye laini, kisha muziandike kwenye daftari. Ya mama na ya mkubwa wa nyumba zishikeni kichwani. Mkishafanya hivyo, hizo programu za kuazima zitumieni mtakavyo. Siku mwenyewe akizichukua, hamtapotezana.