Kasa na Inyamanza

Somo: Isaya 49:14-16



Wengi wetu tuliingia Rwanda kwa kupitia Gisenyi. Kule kando ya Ziwa Kivu, kwenye paa za nyumba, kuna ndege mdogo mweusi na mweupe anayetikisa mkia. Wanyarwanda humwita inyamanza. Huimba vizuri, hujenga kiota karibu na watu, na makinda wakizaliwa, baba na mama huwaletea wadudu mdomoni mchana kutwa. Kila amwonaye husema: huyu ni mzazi mwema.

Kasa hayuko Kivu. Ni kobe mkubwa wa baharini, apandaye ufukweni usiku kule Watamu, Kenya, na kisiwani Mafia, Tanzania. Huchimba shimo kwa miguu ya nyuma, hutaga mayai kama 100, huyafukia, kisha hurudi baharini. Watoto wakitoka baada ya miezi 2 hivi, mama hayupo. Je, tuseme amewatupa?

Tumtazame tena. Kabla ya kuondoka hurusha mchanga huku na huku, ili adui asijue mayai yalipo. Lile aliloliweza, alilifanya.

Ndugu, tunakumbuka jioni ya 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na watu wa Goma wakakimbilia Gisenyi na Sake. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Vita navyo vimefanya vivyo hivyo, kabla na baada ya moto ule. Watoto wa namna hiyo wako kati yetu. Na tunakiri kwa aibu: tukiwa kwenye foleni ya maji tumesema mbele yao, "Huyu mama yake alimtupa." Tutubu neno hilo. Hatujui mama yule alirusha mchanga kiasi gani kabla ya kuondoka.

Katika somo letu Mungu anataja mama na mtoto wake anyonyaye, kisha anaonyesha kwamba upendo wake Yeye unapita hata huo.

Tena, watoto wa kasa hawatoki mchangani mmoja mmoja. Huchimba pamoja hata wafike juu. Basi kanisa lifanye hivyo. Tuwe inyamanza kwa watoto wa kasa: tuongeze sahani moja, nafasi moja kwenye mkeka, daftari moja la shule. Msalaba Mwekundu husaidia kutafuta jamaa waliopotezana. Tuwasindikize watoto wakaandikishe majina yao.

Na wewe mama usiyejua mtoto wako amelala wapi leo, usijihukumu. Mungu alishaye kinda kwa mdomo wa mzazi wake ndiye alindaye yai ndani ya mchanga, mama akiwa mbali. Tunakuombea, na tunaomba kwamba mahali alipo, awepo mtu wa kumwongezea sahani.

Bwana awabariki. Amina.