Silaha Isiyokosa Shabaha

Machi 1979, ndege ya Libya iliyomsaidia Idi Amin ilikuja kuishambulia Mwanza. Rubani alikusudia bohari la mafuta, akakosa. Mabomu yakaua swala kisiwani Saanane. Tulimshukuru Mungu kwa kukosa kule.

Leo mataifa makubwa yanaunda silaha za leza, ambazo mwanga wake hufika papo hapo palipolengwa. Wapo wasemao huo ndio utu katika vita, maana asiyehusika hataguswa. Lakini mwaka 1995, mjini Vienna, mataifa yalikubaliana kupiga marufuku leza zilizobuniwa kumpofusha mtu kabisa. Kosa lake halikuwa kukosa shabaha, bali shabaha yenyewe: jicho la binadamu.

Ndugu msomaji, niliwafundisha walimu miaka mingi. Ustadi hautakasi nia mbaya.