Kodi ya Bwawa la Kuogelea



Ijumaa moja baada ya sala alinijia hapa Kimbiji kijana niliyemsomesha madrasani. Sasa ana kazi mjini, na amepata fleti upande wa Kinondoni, katika jengo lenye bwawa la kuogelea. Mwenye nyumba ataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali ataka ya mwezi mmoja, kama ilivyo desturi ya Dar es Salaam. Mshahara wake haufiki huko ila kwa mambo mawili: akope pesa za riba, na apunguze anachompelekea mama yake. Akaniuliza: "Maalim, kupanga nyumba yenye bwawa ni halali au haramu?"

Nilimjibu kwa haraka ya wazee: "Mwanangu, bahari ya Mwenyezi Mungu hii hapa, wala haina kodi."

Akasema kwa adabu: "Ni kweli, Maalim. Lakini mke wangu ataogelea wapi asionekane na wanaume? Na watoto watajifunzaje katika mawimbi haya?"

Nikanyamaza, kwani alisema haki. Inasimuliwa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) aliwahimiza watu kuwafundisha watoto wao kuogelea. Basi swali lake halikuwa la anasa tupu, na lilistahili jawabu.

Wanavyuoni wetu wa Kishafi husema kupanga ni kununua manfaa kwa muda maalumu. Hununui nyumba, wanunua kukaa humo. Na sharti manfaa hayo yawe ya halali. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza kuwa wanavyuoni wamewafikiana juu ya kufaa kuingia hamamu kwa ujira, ingawa mmoja hutumia maji mengi na mwengine machache, mmoja hukawia na mwengine hutoka upesi. Na Unguja, Sayyid Barghash, aliyetawala toka 1870 hadi 1888, alijenga Hamamni, watu wakaoga kwa malipo. Kwa hivyo bwawa lenyewe si haramu, maadamu stara imehifadhiwa.

Lakini, ndugu msomaji, neno "halali" ni mlango wa swali, si mwisho wake. Ukishaingia, ziko mizani tatu.

Ya kwanza ni manfaa. Muulize mwenye nyumba: je, ziko saa za wanawake peke yao? Kama haziko, mke atayatazama maji yale kutoka dirishani, na kodi ya miezi sita itakuwa imenunua macho ya wageni tu.

Ya pili ni maji. Bwawa la mita 10 kwa 5, lenye kina cha mita moja na nusu, hubeba lita 75,000, yaani ndoo 3,750 za lita 20. Ni kweli maji hayo husafishwa na kutumiwa tena. Hata hivyo, mwaka 2022 Mto Ruvu ulipopungua, jiji lilipata maji kwa mgao, na visima virefu vya upande wetu huu wa Kigamboni vikaitwa kusaidia. Bwana Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba na kuoga kwa pishi moja hadi vibaba vitano.

Ya tatu ndiyo nzito: haki ya mwengine. Mzazi asiye na kitu, matumizi yake ni wajibu juu ya mwana mwenye uwezo. Kijana akipunguza fungu la mama ili aongeze kodi, hakulilipia bwawa yeye. Aliyelilipia ni mama yake, naye hata kulitia mguu hatalitia. Na riba haina haja ya kuelezwa.

Wala sikumwambia amnyime mkewe. Katika Surat al-Furqan, aya ya 67, Mwenyezi Mungu anawasifu wasiofuja wala wasiobana mkono, bali hushika katikati. Katikati yake niliiona hivi: apange nyumba isiyo na bwawa, kwa kodi aiwezayo. Ziko hoteli mjini zinazopokea kiingilio cha siku. Kaya tano au sita zichange, zikodi bwawa kwa saa chache, wanawake na watoto wao peke yao, na mwanamke awafundishe. Hiyo ndiyo hukumu ile ile ya hamamu: lipia saa unayooga, usilipie mwaka mzima usiooga.

Alinishukuru akaondoka. Alichoamua hajaniambia, nami sikumuuliza.

Na sisi tusiopanga fleti tusimcheke. Kila mmoja wetu ana bwawa lake: kwa huyu ni harusi, kwa yule ni gari, kwa mwengine ni fanicha za sebuleni. Tusiishie kuuliza kama ni halali. Tuulize pia: nani aliyelipia?

Wabillahi Tawfiq.