Popo Naye Yumo Katika Agano



Twaikumbuka Machi 21, 2023, Serikali ilipotangaza ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba. Hata ulipotangazwa kwisha, Juni 2, watu 6 walikuwa wamefariki, mmojawao mhudumu wa afya. Januari 2025 ukarudi mkoani mwetu, Biharamulo, ukachukua watu 10. Basi jioni popo wakiruka juu ya mipera na miembe yetu, Bukoba mjini hata Muleba, wako wasemao: wapigwe manati, wafukizwe, wachomwe. Hofu hiyo hatuidharau. Tumezika.

Lakini na tusome vizuri. Sheria ya Musa yamtaja popo kati ya wasioliwa (Walawi 11:19). Asiliwe, haikusema aangamizwe. Na baada ya gharika Mungu hakufanya agano na Nuhu na wanawe tu, bali na kila kiumbe hai kilichotoka safinani (Mwanzo 9:9-10). Popo hakutengwa.

Jirani zetu wa Uganda waliijaribu njia ya kuua. Wachimbaji wa mgodi wa Kitaka walipougua Marburg mwaka 2007, popo wa humo waliangamizwa. Kufika 2012 wengine walikwisha kuhamia, na wataalamu walipowapima, wenye virusi walikuwa kama 13 katika kila 100. Kabla ya mauaji walikuwa kama 5. Mwaka huo huo ugonjwa ukazuka kwa watu wa Ibanda, si mbali na mgodi huo.

Tena tusiwachanganye. Ajulikanaye kubeba virusi hivyo ni popo mla matunda akaaye mapangoni. Wale wadogo walao wadudu, wajifichao darini mwa kanisa, ni wengine.

Kumtunza popo, basi, si kumshika. Ni kumwachia pango lake, na tunda aliloling'ata kulitupa. Watoto wa Shule ya Jumapili wakimkuta ameanguka wasimwokote. Na wa darini wasizibiwe ndani: tungoje watoto wao wajue kuruka, wote watoke jioni, ndipo fundi azibe matundu. Huruma kama hiyo Musa aliiagiza kwa ndege na makinda yake (Kumbukumbu la Torati 22:6-7). Kinyesi chao kinyunyiziwe maji kabla ya kufagiliwa, na afagiaye afunge pua na mdomo.