MEZA YA BAHATI

Masomo: Isaya 65:11, Mathayo 4:1-11, Yohana 19:23-24



Nabii Isaya aliwakemea watu waliomwacha Bwana wakaandika meza kwa ajili ya mungu aliyeitwa Bahati. Miaka mingi nilisoma neno hilo nikalipita, nikidhani ni mambo ya wapagani wa zamani. Lakini nimeiona meza hiyo kwa macho yangu. Niliiona jangwani, huko Marekani, katika mji wa Las Vegas. Ninawaeleza niliyoyaona, kwa sababu meza hiyo imezaa watoto, na watoto wake wamefika mpaka kwenye njia zetu za hapa.

Ndugu zetu Wakongo wanaoishi Phoenix, katika jimbo la Arizona, walitualika kwenye maombi. Maombi yalipokwisha walikodi bisi, tukasafiri pamoja watu 42, wamama, wababa na vijana, ili tuone kazi ya Mungu jangwani. Ulikuwa mwezi wa pili, maana wakati wa joto jua la kule linaua watu. Tulikwenda karibu kilometa 480. Pande zote mawe mekundu na vichaka vya miiba, wala hapana mto. Mama mmoja mzee akapaza sauti: “Mchungaji, tazama ziwa!” Tukatazama, kweli, maji yalimeta mbele juu ya lami. Tukakaribia, hapana kitu. Yalikuwa mazigazi, maji ya uongo ambayo joto linamwonyesha mtu mwenye kiu. Mama akacheka, akasema: “Shetani anajua kuchora.” Nikaliweka neno hilo moyoni.

Baadaye tulifika kwenye maji ya kweli. Mto Colorado umezuiwa kwa ukuta mkubwa uitwao Hoover Dam, kama sisi tulivyo na Nzilo na Inga, na ukuta huo una urefu wa meta 221 kwenda juu. Kazi ya kuujenga ilianza mwaka 1931. Angalieni sasa, ndugu: mwaka ule ule wa 1931 jimbo la Nevada lilitoa sheria ya kuruhusu kamari. Kazi mbili zilianza pamoja. Moja ilikusanya maji ili watu waishi. Nyingine ilikusanya pesa za watu, nao wakabaki na kiu.

Na wale walioujenga ukuta walitengenezewa mji wao, Boulder City, karibu na hapo. Serikali iliyoujenga mji huo ilikataza kamari ndani yake, na mpaka leo hakuna kazino pale. Walijua kwamba mtu wa kazi akiwekwa karibu na meza ya Bahati, mshahara wake hautafika nyumbani. Watu wa dunia walilijua jambo hilo. Je, sisi watu wa maombi hatulijui?

Jioni tuliingia Las Vegas. Jina hilo ni la Kispania, maana yake ni malisho, kwa sababu zamani palikuwa na chemchemi na majani mabichi katikati ya jangwa. Reli ilipofika, viwanja viliuzwa kwa mnada mwaka 1905, mji ukaanza. Watu wakayavuta maji ya chini mpaka mwaka 1962 chemchemi zenyewe zikaacha kutoka. Sasa karibu sehemu 9 katika 10 za maji ya mji zinatoka katika lile ziwa la nyuma ya ukuta. Mwezi wa saba mwaka 2022 ziwa hilo lilishuka chini kuliko wakati wowote tangu lilipojazwa. Tuliona alama nyeupe kwenye mawe, mahali maji yalipokuwa zamani. Na katika mji huo, hoteli moja kubwa yenye kazino iliitwa Mirage, yaani Mazigazi. Ilifunguliwa mwaka 1989, ikafungwa mwaka 2024. Jina liliandikwa mlangoni kwa taa, na watu waliingia kwa miaka 35.

Hoteli tuliyolala ilikuwa ya bei ndogo. Lakini kufika chumbani ilitupasa kupita katikati ya mashine na meza. Hapakuwa na dirisha wala saa ukutani, ili mtu asijue kama ni usiku au asubuhi. Pesa hubadilishwa kwanza kuwa vipande vya rangi, ili mkono usisikie uchungu wa kuzitoa. Anayecheza huletewa pombe bure. Niliona watu wengi, lakini sikuona mtu aliyefurahi.

Kijana mmoja wetu, mwanafunzi wa hesabu, alinieleza gurudumu lao liitwalo ruleti. Lina vishimo 38. Ukiweka dola moja kwenye namba yako na kidude kikaanguka hapo, unalipwa dola 35 na ile yako unarudishiwa, jumla 36. Basi ukiweka dola moja katika kila kishimo, umetoa 38 na umerudishiwa 36. Mbili zimebaki kwa mwenye nyumba, hata siku uliyopata. Ndugu zangu, nyumba hiyo haina haja ya kuiba. Hesabu inatosha. Taa zile zote zinazoonekana toka mbali jangwani, mafuta yake ni watu walioshindwa.

Wamama, linganisheni na likelemba yenu. Wamama kumi, kila mmoja anatoa dola kumi kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anachukua mia. Mwisho wa miezi kumi kila mama amepata kamili alichotoa, tena amesaidia wenzake tisa. Pale hakuna aliyelia ili mwingine acheke. Hiyo ndiyo tofauti ya meza ya Bahati na meza ya upendo.

Sasa nitasema jambo la aibu yetu wenyewe. Asubuhi tuliondoka mapema kwenda Death Valley, yaani Bonde la Mauti. Pale chini kabisa, panapoitwa Badwater, ardhi iko meta 86 chini ya usawa wa bahari, na chumvi nyeupe imetandikwa kama shuka. Katika bonde hilo, mwaka 1913, joto liliandikwa nyuzi 56,7. Tulivua viatu tukasimama juu ya chumvi, tukaomba kwa habari ya Zaburi ya 23. Baada ya maombi, dereva akauliza pesa ya mafuta ya kurudi. Ndugu yetu mtunza mfuko akanyamaza. Halafu akapiga magoti.

Alisema: “Baba Mchungaji, nilianza na dola 20. Nikapata 60. Nikasema moyoni, Mungu amejibu kwa ajili ya mabati ya kanisa. Ilipofika saa tisa ya usiku mfuko ulikuwa mtupu.” Mlikuwa na dola 1.300 ndani yake, pesa ya mafuta na sadaka ambayo ndugu wa Phoenix walitutolea ili tuezeke kanisa letu.

Mmesikia neno lake? Hakusema, nataka kuiba. Alisema, Mungu amejibu. Ndivyo Shetani alivyomwendea Bwana wetu jangwani. Alimpandisha juu ya hekalu akamtaka ajitupe, kwa kuwa Mungu lazima atamdaka. Hiyo ilikuwa kamari, ndugu, kamari iliyovikwa nguo ya imani, na Yesu aliikataa. Yeye alijua kumngoja Baba, na kumngoja Mungu si kumjaribu.

Yule mama mzee aliyeona mazigazi ndiye aliyefungua fundo la kitambaa chake kwanza, akatoa dola 20. Kila mtu akatoa alichokuwa nacho, tukapata mafuta. Ndugu yetu hatukumfukuza. Tulimwondolea mfuko, tukamwombea, naye analipa kidogo kidogo kila mwezi mpaka leo. Lakini mabati yalichelewa, na masika yote watoto wa Sunday Skuli waliimba chini ya hema lenye kuvuja. Dhambi husamehewa siku moja, lakini mvua haingojei.

Ninyi mliobaki hapa, msimhukumu. Vijana wetu wanashinda kwenye nyumba za kubahatisha mipira, wengine katika simu zao, hata wakati wa mahubiri. Baba anaweka pesa ya minerval ya mtoto juu ya timu ya Ulaya ambayo haimjui. Wenye umri wanakumbuka Bindo kule Kinshasa, jinsi watu walivyopeleka akiba zao wakiahidiwa faida kubwa kwa siku chache, na mwaka 1991 ikaanguka, vilio kila lopango. Jina hubadilika, meza ni ile ile.

Kumbukeni wale askari chini ya msalaba. Mwokozi wa dunia alikuwa anakufa juu ya vichwa vyao, nao macho yao yalikuwa kwenye kura, nani atapata vazi. Walikuwa karibu na wokovu kuliko watu wote, wakashinda nguo.

Basi, uliyefungwa na jambo hili, usingoje mfuko uwe mtupu. Njoo uungame wakati bado kuna kitu ndani yake. Mwambie mke wako, mwambie mzee wa kanisa. Na mwenye kutunza sadaka asiishike peke yake, wawe watu wawili.

Bwana atupe maji ya kweli, na kiu ya uongo aiondoe kwetu. Amina.