Kikao cha Ndugu

Mzazi mwenye ugonjwa wa Parkinson hupungukiwa na kemikali ya dopamini kwenye ubongo. Ndiyo maana uso hukakamaa, sauti hufifia, na kufunga vifungo vya shati huchukua muda mrefu. Hajakasirika, wala hajarogwa. Bado ana maoni yake. Msubirini amalize sentensi.

Ndugu, kaeni kikao mapema, naye awepo: nani atasimamia saa za dawa, nani atalala kwake, nani atatuma fedha. Saa ni muhimu mno. Dawa ya levodopa ikichelewa, miguu inaweza kuganda mlangoni. Ikimezwa pamoja na nyama au maharage, huenda isifanye kazi vizuri. Na yule binti aliyeachiwa kila kitu eti kwa sababu hajaolewa, mpokeeni zamu wiki hii hii.